Nyama ya kubanika ya uwanja wa ndege: nani mwingine ameshalizwa? Tupeane uzoefu

Abiria_Mchovu

Wakuu, salaam.

Naanza na langu, nanyi mlete yenu. Mwezi uliopita nilipita Texas, nikawa na saa mbili na nusu za kusubiri ndege ya pili. Nikasema haiwezekani nikanyage Texas niondoke bila kuonja kidari cha ng'ombe cha kubanika, ile nyama wanayoilaza kwenye moshi usiku kucha. Mgahawa ulikuwa jirani na geti langu: kuni zimepangwa mlangoni hadi karibu na dari, fuvu la ng'ombe ukutani, bango lenye jina ambalo hata mimi nilishalisikia. Kitu kimoja tu kilikosekana na sikukitilia maanani. Harufu ya moshi.

Kaunta ina watu watatu. Mmoja anahudumia, wawili wanabishana kuhusu zamu ya Jumapili. Nikaagiza kidari, makaroni ya jibini na maji. Kabla sijaona hata sahani, skrini ikageuzwa kunielekea: bakshishi asilimia 18, 20 au 25? Nyuma yangu foleni imenikodolea macho. Nikabonyeza 20 kwa aibu, jumla ikafika dola 34. Nikapewa kidude cha kutetema chakula kikiwa tayari, nikakaa.

Dakika 35, kidude kimetulia kama jiwe. Nikainuka kuuliza. "Bado kidogo." Kumbe trei yangu naiona kwa macho yangu, ipo nyuma ya boksi la vikombe, risiti yenye namba yangu imebandikwa kando, chakula kimepoa kitambo. Kidude betri ilishakufa na hakuna aliyejisumbua kuita namba. Nikaomba ipashwe. Ikapelekwa nyuma, ikarudi baada ya dakika mbili.

Sasa nyama yenyewe. Vipande vinne vya kijivu, kingo zimejikunja kama soli ya ndala iliyoanikwa juani. Kidari kilichoiva ukikishika ncha mbili ukavuta kidogo, kinaachia chenyewe. Changu nilivuta kikarefuka. Uma wa plastiki ukaacha jino moja ndani. Pembeni panaunguza ulimi, katikati baridi. Mwenye maikrowevu nyumbani anajua naongelea nini. Nilikula nusu hivyohivyo, mwenye njaa hana miiko.

Jamani, ni mimi tu?

Dirishani_Daima

Si wewe tu mkuu. Na zile kuni za mlangoni usizihesabu. Mimi siku moja nilizigusa, zimepakwa vanishi.

Kaka_wa_Geti

Mimi hata kula sikula. Niliomba mbavu, zimekwisha. Saa tano asubuhi! Nikaomba sandwichi, mkate umekwisha. Nikauliza sasa kipi kipo, yule kijana akasema subiri niulize. Hakurudi. Nikapanda ndege na njaa yangu.

Mama_Mizigo

Langu si la ladha. Mimi sili nguruwe, kwa hiyo nikaagiza bata mzinga na maharage. Nikauliza kabisa: maharage yana nguruwe? Binti akajibu "hapana" bila kuinua macho. Kijiko cha tatu nakuta kinyama cha waridi kina ukanda wa mafuta. Nikarudi nacho kwenye kitambaa cha karatasi. Akakitazama, akamwita mwenzake, mwenzake akaniambia kwa furaha kabisa, "Aa, maharage yetu yote yana nguruwe, ndivyo yanavyopikwa!" Kama ananipa habari njema. Nilirudishiwa hela ya maharage tu.

Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba migahawa mingi ya aina hii hupikia maharage mabaki ya nyama za kubanika, na mara nyingi ubao wa kukatia ni huohuo. Siku hizi siulizi tena "yana nguruwe?" Nauliza "yamepikwa na nini?", hapo angalau mtu inabidi aende jikoni.

Mstaafu_wa_Jikoni

Vijana, mimi nilifanya kazi jikoni kwenye mgahawa wa namna hiyo, ndani ya uwanja huko Marekani, karibu miaka minne. Acha niwafunulie chungu.

Jina la kwenye bango mara nyingi ni la kukodi. Mwenye mgahawa maarufu wa mjini anatoa jina, mapishi na mafunzo kidogo, basi. Anayeendesha ni kampuni ya migahawa ya viwanjani, hiyohiyo inayoendesha kahawa upande wa kulia na piza upande wa kushoto. Kampuni inaulipa uwanja asilimia ya mauzo, na kwa kawaida kuna kiwango cha chini ambacho lazima kilipwe hata abiria wasipoonekana. Hela hiyo inatafutwa kwenye sahani yako.

Halafu moshi. Kidari kizima kinataka kama saa 10 hadi 14 kwenye moto mdogo, mpaka ndani kifike nyuzi joto 95 za Selsiasi hivi. Hapo ndipo zile nyuzi ngumu zinazoshikilia nyama zinayeyuka zinakuwa kama jeli. Sasa nani atakuachia uwashe magogo usiku kucha ndani ya jengo la abiria, lenye vitambua moshi kila kona? Kwetu nyama ilibanikwa mbali, ikapozwa, ikafungwa kwenye mifuko iliyofyonzwa hewa, ikaletwa ghalani kwa gari, ikakaguliwa, ndipo ikaingia. Sisi kazi yetu kuipasha na kuiweka kwenye kabati la mvuke. Kanuni za huko zinataka chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 57, kwa hiyo inakaa humo humo. Nyama ikiwa nzima inavumilia. Ikishakatwa, haichukui muda inakauka kama kibao. Na sisi tulikata mapema, kwa sababu ndege tatu zikitua pamoja watu wanamiminika na kila mmoja ana dakika kumi.

Hata kisu chenyewe kimefungwa mezani kwa waya wa chuma na kinahesabiwa kila zamu, maana tupo upande wa ndani, baada ya ukaguzi wa abiria. Ukitaka kukata kwa upande mwingine unazungusha nyama, kisu hakifiki. Jaribu kukata kidari vizuri hivyo.

Hao waliokuwa wanabishana zamu nawaelewa. Mimi niliamka saa nane usiku: basi, foleni ya ukaguzi kama abiria yeyote, saa kumi alfajiri niwe nimevaa aproni. Ila trei kukaa nyuma ya vikombe dakika 35, hiyo haina utetezi.

Abiria_Mchovu

Shikamoo mzee. Ule waya niliuona! Nikadhani wanaogopa wateja wataiba kisu. Sasa mtu akikwama pale aagize nini?

Mstaafu_wa_Jikoni

Marahaba. Soseji. Au nguruwe ya kuchambuliwa nyuzinyuzi, kwa anayekula. Zina mafuta na unyevu wa kutosha, kupashwa hakuziumizi sana. Kidari ukikitaka kwa nguvu, omba kikatwe mbele yako, upande ule wenye mafuta. Wakikuambia haiwezekani, umeshapata jibu. Bata mzinga achana naye, huyo ndiye wa kwanza kukauka.

Mama_Mizigo

Sasa mzee, soseji nayo nyingi zina nguruwe, maharage yana nguruwe, bata mzinga amekauka. Mimi nibaki na achari ya matango?

Mstaafu_wa_Jikoni

Achari yao ilikuwa nzuri sana, dada yangu.

Chupa_Moja

Mimi nilijifanya mjanja. Nikala mjini kabisa, Lockhart, mji ambao wabunge wa Texas waliutangaza kuwa makao makuu ya nyama ya kubanika katika jimbo lao. Pilipili manga, chumvi, moshi, imefungwa kwenye karatasi, hakuna longolongo. Nikanunua na chupa ya sosi ya zawadi, nikaitia mkobani. Kufika ukaguzi: sosi ni kimiminika, mwisho mililita 100. Chupa ikaenda pipani mbele ya macho yangu. Nyama ikapita bila shida, ofisa hata akainusa akatabasamu. Navuka tu, naona mgahawa wa ndani umepanga sosi rafuni kwa karibu mara mbili ya bei. Nikanunua. Msiniulize kwa nini.

Msafiri_Mtata

Nitawaudhi: mimi nimewahi kula vizuri. Uwanja mmoja wa North Carolina, ndio kwanza wanafungua, nguruwe iliyochambuliwa na ile sosi yao nyepesi ya siki na pilipili. Dada wa kaunta akanionjesha aina mbili kabla sijachagua. Nadhani shida yetu ni kutaka uwanja utupe ladha ya mjini. Ni chakula cha safari, tushushe matarajio.

Abiria_Mchovu

Mkuu, matarajio sikuyatoa nyumbani. Bango lao lenyewe limeandika "imebanikwa taratibu saa 14". Wangeandika "imepashwa dakika mbili" ningeshusha bila kuambiwa. Na siki inaficha mengi, hilo nalo uliangalie.

Msafiri_Mtata

Hilo la siki sibishi.

Abiria_Mchovu

Mrejesho, wakuu. Kwenye risiti kulikuwa na anwani ya malalamiko, nikaandika yote, na picha ya uma nikaambatanisha. Wamejibu baada ya siku nane. Wanasikitika, maoni yangu ni muhimu kwao, na kunifuta machozi wamenitumia kuponi ya dola 10. Inatumika kwenye mgahawa uleule, uwanja uleule, na inakwisha muda baada ya siku 30.

Kuna anayepita Texas mwezi huu nimpe?

Mama_Mizigo

Nipe mimi. Nakwenda kula achari.