Mbuzi 4 wameliwa Nyabushozi: kwa laki saba nianze kuwinda, ninunue mbwa, taa au waya?

KijanaWaNyabushozi (Jumatatu, saa 3 usiku)

Wakuu, salaam. Nilikuwa na mbuzi 27, sasa nahesabu 23. Niko upande huu wa Kiruhura, hapa Uganda, ambako ukipanda juu ya kichuguu unauona mpaka wa Hifadhi ya Ziwa Mburo. Wawili walikwenda usiku mmoja, wengine mmoja mmoja. Majirani wanasema fisi, mzee wangu anaapa ni chui, mke wangu anasema ni uzembe wangu.

Nina laki saba mkononi, basi. Binamu yangu yuko Texas, huko anawinda koyote, mnyama anayefanana na mbweha wetu. Amenitumia video: kipenga cha mdomo cha dola chache kinacholia kama sungura aliyeumia, mtu anakaa mgongo kichakani, upepo unampiga usoni, hatikisiki robo saa nzima, na koyote anajileta mwenyewe. Anasema mtu anaanza na pesa kidogo tu. Nikajiambia, mbona mimi nisianze? Naona njia hizi: bunduki ya kuazima, mitego ya waya, mbwa wa kuwindia, au niachane na uwindaji nitengeneze zizi. Mliopitia haya mnipe ulinganisho wa kweli, siyo maneno ya redioni.

AfandeMstaafu (saa 3:40 usiku)

Kijana, hicho kipenga weka chini kwanza. Texas koyote anawindwa mwaka mzima. Hapa mnyamapori ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, ndivyo inavyosema Sheria ya Wanyamapori ya 2019. Kuwinda bila kibali ni kesi, na akiwa mnyama wa jamii zilizo hatarini, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha au faini ya shilingi bilioni 20. Linganisha hizo bilioni na laki saba zako.

Bunduki ya kuazima usiiandike hata humu. Kuna Sheria ya Silaha ya 1970, na cheti cha bunduki ni cha mtu mwenyewe, hakiazimwi kama jembe. Waya nao hauchagui. Unategea fisi, anaingia ndama wa jirani, halafu unalipa ndama na kesi juu yake.

KijanaWaNyabushozi (saa 3:52 usiku)

Nimesikia afande. Lakini wazungu si wanawinda hapa hapa Mburo na tunawaona na magari yao?

Dereva_wa_Watalii (saa 4:20 usiku)

Wanawinda, ndiyo, kwa vibali. Uwindaji huo ulianza kwa majaribio mwaka 2001, huko huko kwenye ranchi za jirani zako, wazo likiwa mwenye shamba na kijiji wapate kitu ili wasiwachukie wanyama. Hata chui wana hesabu yake: mwaka 2007 CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, iliikubalia Uganda hadi chui 28 kwa mwaka. Ila anayekuja kupiga anasimamiwa na kampuni yenye leseni, anatembea na askari wa wanyamapori, na analipa kwa maelfu ya dola. Laki saba yako haimtoshi hata kwa nauli ya ndege. Hiyo njia ifute kabisa kwenye orodha.

MamaMbuzi_Katwe (saa 4:45 usiku)

Mwanangu, mbona mnakimbilia bei ya dawa kabla ya kujua ugonjwa? Hujatuambia mizoga ilikuwaje. Mimi nimefuga Katwe miaka mingi, hifadhi ya Queen Elizabeth iko mlangoni kwangu, na nimeliwa na kila mwenye meno. Kila mmoja ana uandishi wake.

Chui anabana koo au shingo ya nyuma, matundu manne, basi. Kazi safi, zizi zima halishtuki. Halafu anaburuta, na akipata mti anapandisha juu. Ukikuta mbuzi hayupo na kuna mfereji mmoja mchangani kuelekea kichakani, mfikirie huyo. Fisi anaanzia tumboni na kwenye kiwele, tena mnyama akiwa bado hai, samahani kwa wanaokula. Anavunja mifupa na kuondoka nayo, unabaki na damu na mavi ya tumbo tu. Kinyesi chake kikikauka kinakuwa cheupe kama chaki, kwa sababu ya mifupa. Mbweha hamudu mbuzi mzima, yeye anafuata vitoto. Mbwa wa mitaani ndiye mjinga wao: anauma masikio, mapaja, mkia, anajeruhi watano na kula nusu ya mmoja.

Unyayo pia unasema. Chui ni paka, kucha zake zimejificha, hutaziona chini. Fisi kucha zinaonekana, na mguu wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Mbwa naye anaacha kucha, ila wake ni mdogo na mwembamba.

Sasa kifaa cha kwanza, na ni cha bure: chukua majivu ya jikoni, yachekeche mkono mmoja upana mbele ya mlango wa zizi na popote ukuta ulipolegea. Fanya hivyo jioni baada ya kufunga, siyo mchana kuku wakayachafua. Asubuhi kabla ya mtu yeyote kupita, nenda ukasome. Kaa hivyo usiku 5 au 6. Pesa isitoke mfukoni kabla ya hapo.

Kaka_Mkubwa88 (saa 5:02 usiku)

Mnazunguka sana. Kuna dawa ya wadudu ya mashambani, unaweka kwenye mzoga, asubuhi kazi imeisha. Elfu chache tu.

MamaMbuzi_Katwe (saa 5:10 usiku)

Wewe nyamaza. Hamukungu ni jirani zetu. Aprili 2018 walikufa simba 11 pale kwa sumu, 8 kati yao watoto. Askari walijaa kijiji kizima, watu wakakamatwa, na watalii wanaonunua chumvi na vikapu vyetu wanakuja kwa ajili ya simba hao hao. Sumu haimuulizi fisi kitambulisho. Tai anakula, mbwa wako anakula, na mtoto anayeokota mfupa pia.

AfandeMstaafu (saa 5:15 usiku)

Na hiyo ni kesi vilevile. Msimamizi afute ujumbe ule.

FundiSola_Bwera (Jumanne, saa 1 asubuhi)

Nije kwenye taa, maana ndiyo kazi yangu. Mtakumbuka yule mvulana wa Kenya, Richard Turere, wa Kitengela karibu na hifadhi ya Nairobi. Alichoka simba kula ng'ombe wa baba yake. Aliona simba anaogopa mtu anayetembea na tochi, akatengeneza tochi zinazotembea zenyewe: betri kuukuu ya gari, kijisanduku cha indiketa ya pikipiki, balbu za tochi mbovu, na paneli ndogo ya kuchajia. Taa zinapokezana kuwaka kuzunguka zizi, simba anadhani kuna mlinzi.

Kwa laki moja na nusu naweza kukufungia taa 6 hivi kwa vifaa vya duka la kawaida. Ila sikudanganyi ili ununue. Taa zinazowaka mfululizo bila kupepesa ni mapambo, fisi atakula chakula chake kwenye mwanga. Zinazopepesa nazo zikikaa pale pale mwaka mzima, mnyama anazizoea. Zihamishe kila baada ya wiki kadhaa. Elekeza nje, siyo ndani kwa mbuzi. Na paneli ipanguswe vumbi. Niliwahi kuitwa Kasese kwa mtu analalamika taa zangu zimekufa, nikakuta kuku wamelala juu ya paneli mwezi mzima.

Kwa mbwa wa mitaani taa hazisaidii chochote. Amezaliwa chini ya taa za sokoni huyo.

Ssalongo_Mbarara (saa 2:30 asubuhi)

Mimi ni mtu wa banda. Watu wanafunga waya wa senyenge wa futi 6 halafu wanashangaa chui kaingia. Chui anaruka huo waya kama wewe unavyoruka mfereji. Bila paa hujajenga kitu. Na fisi hajisumbui kuruka, anachimba chini.

Kwa mbuzi 23 nilichofanya mimi ni hiki: banda la kuinuliwa, sakafu ya fito zilizoachana kidogo ili mavi yadondoke chini (mbolea unauza kwa wenye migomba, hiyo ni faida ya pembeni), kuta za mbao au fito zilizobanana mpaka jicho lisipite, mabati ya zamani juu. Hilo la jicho lisipite msilidharau. Mbuzi akimwona adui anahamaki, wanarundikana upande mmoja, ukuta unalala na wanatoka wenyewe kwenda kuliwa. Wasipomwona wanatulia.

Gharama: nguzo na fito nilikata shambani kwangu. Mabati yaliyotumika, misumari, bawaba na fundi wa siku 3 vilinila kama laki nne na nusu. Mlango ndio nilioutengeneza vizuri kuliko vyote. Ukitaka kujua banda lina thamani gani angalia mlango wake. Wengi wanajenga ngome halafu wanafungia kwa kamba ya katani.

Mchunga_Karamoja (saa 4 asubuhi)

Mbwa hajazungumziwa vizuri. Kuna mbwa wa kuwinda na kuna mbwa wa kulinda, ni kazi mbili. Mbwa wa kuwinda atakupeleka porini na kukuletea kesi ya afande. Wa kulinda analala na mbuzi.

Usitafute mbwa wa bei. Namibia wale wa kituo cha duma wamekuwa wakiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa Anatolia tangu 1994, na wanafanya kazi, lakini mbwa wa saizi ile anakula kuliko watoto wako. Chukua mtoto wa mbwa wa kienyeji, wa wiki 8 hivi, mama yake asiwe mwizi wa mayai. Mlaze bandani na vitoto vya mbuzi tangu siku hiyo. Alishwe pale pale, watoto wa nyumbani wasimchezee mpaka akajiona binadamu. Baada ya mwaka atawaona mbuzi ni ndugu zake. Kazi yake siyo kupigana na chui, atakufa. Kazi yake ni kubweka mapema ili wewe utoke.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa, tafadhali. Mbwa wasiochanjwa wanabeba magonjwa mpaka kwa wanyamapori. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa (distemper, siyo kichaa) uliingia Serengeti ukaondoka na karibu theluthi moja ya simba.

Kwa kuwa shida yako ni ya leo na mbwa ni wa mwakani, hesabu mwenyewe.

AfandeMstaafu (saa 5 asubuhi)

Nyongeza kwa wote. Ile Sheria ya 2019 iliweka pia fidia. Chui, fisi na simba wamo kwenye orodha ya wanyama wanaofidiwa, pamoja na tembo, nyati, kiboko na mamba. Mbweha hayumo. Mzoga usiuguse, piga picha, mwite LC wa kwanza (mwenyekiti wa kijiji) na askari wa wanyamapori siku hiyo hiyo. Ukizika kwanza ukaripoti baadaye, utaulizwa ushahidi uko wapi.

KijanaWaNyabushozi (saa 8 mchana)

Nashukuru sana wazee wangu, na mama yangu wa Katwe. Mizoga mitatu nilizika, nikiri tu. Ule wa nne nakumbuka masikio yalikuwa yameraruka. Leo jioni namwaga majivu.

KijanaWaNyabushozi (Jumatatu iliyofuata, saa 1:30 asubuhi)

Wakuu, nina habari na sijui nicheke au nilie.

Usiku wa kwanza hadi wa tano hakuna kitu, paka wetu tu. Leo alfajiri mbuzi walilia, nikatoka na tochi na panga, nikasikia mbio, sikuona. Kulipopambazuka nikachuchumaa kwenye majivu. Nyayo za saizi mbili tofauti, kucha nne zimechora wazi mbele ya kila unyayo, na nikiweka vidole vyangu vitatu unyayo mzima unafunikwa. Wa mbele na wa nyuma karibu sawa. Mzee akaja na fimbo yake, akaangalia muda mrefu, hakusema neno chui tena.

Majivu yalikuwa yamewashika miguuni, basi nikafuata madoa meupe kwenye umande. Hayakwenda kichakani. Yalishika njia ya watu kuelekea senta, yakakata chini ya migomba ya shemeji yangu, yakaishia kwenye kibaraza chake. Mbwa wawili wamelala, wa njano ana manyoya meupe ya mbuzi kwenye pembe ya mdomo. Akanitikisia mkia.

Banda naanza Jumamosi kwa ramani ya Ssalongo, maana fisi naye namsikia ng'ambo kila usiku. Taa nitamtafuta fundi baadaye. Tatizo langu sasa ni jingine: shemeji bado ananidai ng'ombe mmoja wa mahari ya dada yake. Naanzaje kumwambia?

Mchunga_Karamoja (saa 1:50 asubuhi)

Kabla ya maneno, muulize kama wamechanjwa. Na mbuzi aliyeng'atwa akabaki hai usimshike mdomo kwa mikono mitupu, mwite daktari wa mifugo.

AfandeMstaafu (saa 2:05 asubuhi)

Mbwa hawana fidia ya serikali. Hilo ni la LC wa kwanza, wewe, shemeji na mashahidi wawili. Majivu yapige picha kabla kuku hawajayachafua.

MamaMbuzi_Katwe (saa 2:10 asubuhi)

Mwambie yule ng'ombe umeshamlipa. Kwa mbuzi wanne, mbwa wake wamepokea kwa niaba yake.