Naomba ushauri: sarafu za kidijitali zitadumu kweli au nibaki na keshi yangu?

Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie mawazo maana nimeshindwa kulala. Nina akiba niliyoidunduliza miaka kadhaa na rafiki yangu ananisukuma niibadilishe yote iwe Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali inayojulikana zaidi, anasema noti zitakufa tu muda si mrefu. Mimi naona hii kitu ipo toka 2009 na haijafa, na idadi yake haiwezi kuzidi milioni 21, hapo namuelewa kabisa. Ila sasa Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika kama dola 69,000 halafu mwaka mmoja tu baadae ikawa chini ya 17,000, sasa pesa ya hivyo unalipiaje kodi ya nyumba jamani?? Nchi ya El Salvador kule Amerika ya Kati wenyewe waliifanya pesa halali 2021, ila 2025 wakabadili sheria, mfanyabiashara halazimiki tena kuipokea. Halafu ukipoteza zile funguo za siri (kama nywila ya kufungulia Bitcoin zako) hakuna benki ya kwenda kulia, hiki ndo kinaniogopesha zaidi. Keshi hata umeme ukikatika unanunua. Mlioingia muda mrefu, niweke kidogo tu au niachane nayo kabisa?