Naomba ushauri: nionjeje chai ya viungo bila ladha kuchanganyika?

Wakuu, poleni na baridi. Nipo Mbeya. Tangu Juni nanunua majani ya chai ya Rungwe, nachanganya mwenyewe na iliki, mchaichai au maganda ya chungwa, kisha naandika kwenye daftari kila kikombe kilivyo.

Shida ni kwamba nikifika kikombe cha tatu ulimi umeshachoka, kila kitu ni iliki tu. Jana niliponda punje 4 kwa kijiko kimoja cha majani. Harufu ilijaa jiko zima, lakini mdomoni nikabaki na uchungu unaokausha ulimi, na rangi yenyewe ilikuwa nzuri kweli, kama shaba. Nadhani dakika 8 zilizidi. Waonjaji wa kazi hupima gramu 2 kwa mililita 100 za maji, dakika 6, ila hiyo ni chai tupu. Halafu huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100.

Je, viungo nivichemshe kwanza au niviweke pamoja na majani? Na katikati ya vikombe mnasafisha ulimi kwa kitu gani? Maziwa sitii, yanaficha ladha. Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali, hata kwa kirefu, nitasoma yote.