Oksidesheni hulainisha utando wa seli au huukaza?

Mwanafunzi, Mbeya:
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaandaa wasilisho kuhusu seli nyekundu za damu, lakini makala mbili ninazozitumia zinapingana: moja inasema oksidesheni, yaani kushambuliwa na oksijeni na kemikali zake, huufanya utando uvutike kwa urahisi, nyingine inasema seli zilizoathiriwa hukakamaa. Ipi ni sahihi?

Fundi sanifu maabara, Iringa:
Zote mbili, ndugu yangu, maana hazikupima kitu kimoja. Soma sehemu ya mbinu. Bila shaka ya kwanza ilipima vifuko vya lipidi (mafuta yanayojenga utando) vilivyotengenezwa maabara. Asidi ya mafuta yenye vifungo maradufu kadhaa ikishambuliwa, mkia wake hupata kikundi cha peroksidi kinachopenda maji, ambacho hakitulii tena katikati ya mafuta bali hupanda kwenye uso wa utando na kuukunja mkia. Kila molekuli huchukua nafasi kubwa zaidi, na utando, ambao unene wake ni takriban nanomita 5 tu, huzidi kuwa mwembamba na hutanuka kwa nguvu ndogo. Mkia ukikatika kabisa, utando huanza kuvuja. Makala ya pili ilipima seli nzima, ambayo chini ya lipidi ina wavu wa spektrini, protini inayoushikilia utando. Hemoglobini iliyoharibika hujishikiza kwenye wavu huo, protini hufungamana, na seli hushindwa kujikunja ingawa lipidi zenyewe zimelegea.

Mkulima wa parachichi, Tukuyu:
Samahani kwa kuingilia. Je, ndiyo sababu mafuta ya alizeti ya kawaida huchacha upesi kuliko ya parachichi?

Fundi sanifu maabara, Iringa:
Kemia ni hiyo hiyo, mzee wangu. Hidrojeni iliyo kati ya vifungo maradufu viwili hunyofolewa kwa urahisi, na alizeti ina asidi ya linoleiki kwa wingi, wakati parachichi lina zaidi asidi ya oleiki, yenye kifungo maradufu kimoja. Ila wauzaji wasikushawishi kwamba kunywa mafuta hayo kutaimarisha damu.

Muuguzi, Kyela:
Mwanafunzi, usiiache bandama. Seli yenye upana wa mikromita 8 hupenya humo kwenye nyufa zisizofikia mikromita 2, hivyo iliyokakamaa hunaswa na kuharibiwa. Kwa mgonjwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, dawa ya malaria ya primakwini huweza kuzivunja seli hizi kwa wingi, kwa sababu hazina glutathioni ya kutosha kujikinga na oksidesheni. Ndiyo maana inashauriwa kumpima mgonjwa kabla ya kumpa dozi ya siku nyingi.