Sururu ya almasi inakaribia kuvunjika: niitengeneze tena au niunde mpya?

Mchimbaji wa Wete
Assalamu alaikum ndugu zangu. Tunacheza Minecraft kwenye seva ndogo tuliyoifungua na wenzangu tuliosoma nao skuli hapa Wete, ingawa baadhi yao sasa wako Unguja. Sururu yangu ya almasi, yenye uchawi wa Efficiency IV (kasi ya kuchimba), Unbreaking III (kuchelewa kuchakaa) na Fortune III (kuongeza mavuno), imebakiwa na uhai wa 90 kati ya 1,561. Kila ilipochakaa niliipeleka kwenye fuawe, na bei imekuwa ikipanda mpaka sasa natakiwa nitoe leveli 35 za uzoefu pamoja na almasi nne ili irudi kuwa nzima. Kuunda mpya kunataka almasi tatu na vijiti viwili tu. Je, nilipe, au niiache ivunjike nianze upya?

Fundi wa Nungwi
Waalaikum salam. Unda mpya, ndugu yangu. Almasi nne za kutengeneza dhidi ya tatu za kuunda ni hesabu isiyohitaji kalamu, na meza ya uchawi, hata ikikutaka uwe na leveli 30, hukukata tatu tu pamoja na lapisi tatu. Dau lililokalafatiwa kila msimu, hufika siku fundi mwenyewe akakwambia ukatafute mbao.

Bi Mkubwa wa Chake
Hesabu ya almasi ya mwenzetu wa Nungwi ni sahihi, lakini mbao za dau hili hazijaoza. Kilicho ghali hapo ni Fortune III, ambayo kwa wastani hutoa almasi 2.2 kwa kila jiwe la madini, na meza ya uchawi haikuhakikishii kuipata tena.

Itazame vizuri hiyo 35. Fuawe hutoza adhabu kwa kila kazi iliyotangulia, nayo hupanda hivi: 1, 3, 7, 15, 31. Kwa hiyo leveli 31 ni adhabu ya kazi tano zilizopita, na nne zilizobaki ni za almasi. Adhabu ya kazi itakayofuata ni 63, na gharama ikishafika 40 fuawe hukataa kabisa, hata ukiwa na leveli mia. (Wapo wanaodhani kuigeuza iwe ya netheraiti, madini yanayoizidi almasi, kunafuta deni hilo, hakufuti.)

Maana yake umebakiwa na nafasi moja tu ya fuawe. Ukiitumia kwa almasi, sururu itapona mara hii, kisha ndiyo basi. Ukiitumia kubandika kitabu cha Mending ambacho hakijapita kwenye fuawe, utalipa leveli 33, na kuanzia hapo kila pointi ya uzoefu utakayoiokota ukiwa umeishika sururu itarudisha uhai wa 2. Uhai wote uliopotea, yaani 1,471, utarudi kwa pointi 736 hivi. Nenda Netha, ile dunia ya moto ya mchezo huu, ukachimbe kwatsi kwa sururu hiyo hiyo: kila jiwe hutoa pointi 2 hadi 5, hivyo kinachoingia kinazidi kinachotoka. Vazi lako likiwa na Mending nalo limechakaa, livue kwanza lisigawane nayo.

Mchimbaji wa Wete
Ahsante sana, Bi Mkubwa. Meza yangu haijawahi kunionyesha Mending hata mara moja.

Bi Mkubwa wa Chake
Wala haitakuonyesha, kwa sababu haitoki mezani. Mwekee marufaa (kinara cha kuwekea kitabu) karibu mwanakijiji asiye na kazi, naye atakuwa mkutubi. Asipouza Mending, ivunje marufaa uiweke tena ili abadilishe bidhaa. Lakini ukishanunua au kumuuzia chochote, hatabadilisha tena. Bei yake huwa kati ya zumaridi 10 na 38, pamoja na kitabu kitupu.

Fundi wa Nungwi
Kwa hesabu hiyo naondoa ushauri wangu. Ila mpaka ukipate hicho kitabu, iweke sandukuni uchimbe kwa ya chuma. Ile ina uhai wa 250 tu, lakini ikivunjika hakuna atakayeililia.