Taa imewafukuza samaki wangu wa diskasi kwao, halafu naambiwa niongeze gesi!

Wakuu, nimevumilia wiki saba, leo namwaga yote. Mnaouza taa na mnaojifanya washauri wa taa, someni mpaka mwisho.

Nina tangi la samaki la sentimita 120 kwa 50, kwenda juu 60. Diskasi sita wakubwa, niliowalea tangu wakiwa saizi ya kifuniko cha chupa, na walikuwa wanakula mkononi. Taa ya zamani ilianza kufa upande mmoja, ikabidi nitafute nyingine. Kosa langu ni moja tu: nilikwenda kuomba ushauri.

Nilieleza kila kitu. Nilisema samaki ni diskasi, maji ni nyuzi 29, mimea ni Anubias na Microsorum nilizofunga kwenye kisiki, na Echinodorus mbili mchangani. Muuzaji hakuuliza swali hata moja. Kina cha maji hakukiuliza, wala saa ninazowasha. Akageuza boksi, akanionyesha kwa kidole: wati 120, lumeni elfu kumi na ushee, kelvini 6500, spektra kamili. "Wati moja kwa lita tatu, hapo umemaliza."

Wati kwa lita! Hesabu hiyo ni ya enzi za mirija ya fluoresenti, watu walipokuwa na taa za aina moja, zote zikifanana. Wati ni umeme unaoliwa, haikuambii ni mwanga kiasi gani unaofika chini. LED mbili za wati sawa, moja ina lenzi nyembamba na nyingine imeachwa wazi, zinakupa matangi mawili tofauti kabisa. Na hizo lumeni ni za jicho la binadamu, ambalo linapendelea kijani, pale karibu na nanomita 555. Mmea haujali jicho langu linaona nini. Wenyewe unatumia mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700, ndio unaopimwa kwa PAR, na boksi zima lilikuwa halina namba hata moja ya PAR kwenye kina chochote. Kelvini nayo ni rangi tu, kama mwanga unaonekana wa njano au wa bluu. Kwa hiyo niliuziwa namba tatu, na hakuna hata moja iliyojibu swali langu.

(Na nyie mnaoonyesha samaki chini ya taa zenye wekundu mwingi ili diskasi aonekane anawaka moto, kisha mtu akifika nyumbani anakuta samaki wa rangi ya chai ya maziwa, zamu yenu inakuja. Nitafungua uzi wenu peke yake.)

Sasa sikieni siku ya kwanza. Taima niliiweka saa mbili asubuhi, mapazia bado yamefungwa, chumba giza. Tak! Ikawaka yote kwa mpigo, maana haina cha kupunguza mwanga, ni kuwaka au kuzima basi. Samaki hana kope, wakuu. Sita kwa pamoja walilipuka kama njiwa waliotupiwa jiwe. Dume langu kubwa akajipiga kwenye kisiki, akachubuka juu ya jicho. Nilikuwa nimechuchumaa pale na kikombe mkononi, nikaona magamba mawili yanashuka taratibu yanang'aa kwenye ule mwanga wao wa spektra kamili, mpaka yakatua mchangani. Samaki alijificha nyuma ya bomba la filta. Ile mistari ya wima mwilini, ambayo akiwa ametulia huioni vizuri, ilikuwa imekolea kama imechorwa kwa mkaa.

Siku ya tatu wote sita walikuwa kona ile ile, wamebanana, weusi, vichwa chini. Chakula kinapita mbele yao hawakigusi.

Samaki huyu anatoka Amazoni. Mtaalamu wa samaki Heckel alimwelezea kisayansi mwaka 1840 kutokana na samaki wa Rio Negro, mto wenye maji ya rangi ya chai ya rangi, na humo anakaa chini ya miti iliyoanguka na matawi yaliyozama. Ni samaki wa kivulini, jamani. Siyo siri.

Wiki ya tatu mwani ukaja. Kioo nakifuta leo, keshokutwa kijani tena. Kwenye Anubias ndiyo balaa: kingo za majani zimeota vinyoya vyeusi ambavyo havitoki hata ukisugua kwa mswaki. Ni kawaida, jani la Anubias linakua polepole na kukaa miezi mingi, ukilimwagia jua la mchana unampa mwani kiti cha kukalia.

Nikairudisha taa. Nikaambiwa ikishatumika hairudi, ila "mwanga si tatizo, tatizo huna gesi", yaani CO2, kaboni dioksidi ya kulisha mimea. Nikasema labda mimi ndiye mjinga, nikaja humu kuuliza. Mkanijibu vile vile! "Mkuu weka CO2, mwanga huo ni mali." Nikaweka. Jioni ya pili diskasi wako juu, midomo kwenye uso wa maji, mashavu yanapiga mbio. Nikafunga mtungi na kuwasha pampu ya hewa mikono ikitetemeka. Kwenye nyuzi 25 maji yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita. Kwenye nyuzi 30 ni kama 7.6, na samaki kwenye joto hilo anahitaji zaidi, siyo pungufu. Wale mnaofuga visamaki vya tetra kwenye nyuzi 24 na kupuliza gesi mpaka maji yanachemka mapovu, hongereni. Msinipe mimi mapishi yenu.

Aliyeniokoa ni mtu mmoja tu, akaniazima kipimo cha PAR. Taa ikiwa imekaa kwenye ukingo wa tangi, mchangani nilisoma 118. Mia moja na kumi na nane, chini kabisa, kwa Anubias! Mimea hii ya kwangu inaishi vizuri kwenye 30 hadi 40. Nikaing'iniza taa kwa waya, sentimita 35 juu ya maji, nikatandaza Salvinia, mimea inayoelea, nusu ya uso wa maji. Ikasoma 36. Masaa nikashusha kutoka kumi hadi sita, na sasa nawasha kwanza taa ya chumbani, nusu saa nzima, ndipo hii iwake. Gesi hakuna. Echinodorus nimezipa vidonge vya mbolea kwenye mizizi, mwezi huu zimetoa majani mapya manne.

Samaki watano wamerudi mbele. Dume bado. Anatoka jioni tu, taa ikishazima, na mkono wangu ukikaribia maji anarudi nyuma ya bomba. Kovu lipo.

Kwa hiyo nina taa ya wati 120 ambayo nimeinyanyua hadi karibu na dari na kuifunika kwa majani ili ifanye kazi ya taa ndogo. Kama kuna mwenye tangi la mimea mitupu, bila diskasi, na ana taa dhaifu yenye kipunguza mwanga, anifuate pembeni tubadilishane. Boksi ninalo, namba zake zote tatu zipo.