Naomba ushauri: bastola toleo jipya, nitajuaje kama kweli imetengemaa?

Wakuu habari zenu. Niko Columbus, Ohio, nafanya ulinzi wa silaha usiku, mwaka jana nikanunua bastola ya 9mm, modeli ndo kwanza imetoka. Magazini ya tatu tu ganda la risasi likabanwa na slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga) limesimama wima, nikalitoa, risasi sita mbele likarudia. Nikairudisha kiwandani wakabadilisha springi na kile kikucha kinachovuta ganda, imerudi na kikaratasi kwamba imejaribiwa iko sawa.

Nimeshapiga 200 bila kukwama lakini karibu zote ni zile za mazoezi za ncha ya mviringo, za kazini zenye tundu kwenye ncha nimepiga 20 tu maana bei yake jamani. Na ndizo nitakazozitegemea siku ya siku!

Kinachonitisha ni ile bastola ya Remington R51, ilitoka 2014, mwaka huohuo watu wakaambiwa warudishe, ikaja upya 2016 na bado wengine wakalalamika. Sasa risasi ngapi mfululizo ndo niamini? Mwenzangu kazini anasema 500, mwingine anasema nisibebe kabisa mpaka toleo la mwaka wa pili. Na nipige bila kusafisha nione kama inavumilia, au naiumiza bure? Halafu nitajuaje kama hivyo vipuri wamebadilisha kwa bastola zote zinazotoka sasa au ni yangu tu niliyelalamika?

Kwa sasa nabeba ya zamani. Jumamosi naenda renji (uwanja wa shabaha) na risasi 100 za kazini na magazini zote tatu, niambieni niangalie nini hasa.